Makueni na Kitui: Nchi ambayo mtalii wa ufuoni huipita akisinzia

KILA mwezi wa Disemba, Barabara Kuu ya Nairobi–Mombasa hufurika magari ya watu wanaokimbilia bahari. Mabasi, matatu na magari ya familia hupita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei mchana na usiku. Aghalabu abiria hushuka kwa dakika chache tu, wakajinyoosha na kununua chupa ya maji, kisha safari ikaendelea.

Wengi wao hawatambui kwamba kwa muda wa saa kadhaa wamekuwa wakipita katika ardhi ya Kaunti ya Makueni au ukingoni mwake. Wachache zaidi hutambua kuwa sehemu ya maji watakayooga hotelini Mombasa hutokana na mvua inayonyesha kwenye milima ya huku. Kinyago watakachouziwa ufuoni huenda kimechongwa na fundi wa Ukambani, na mabuyu watakayotafuna Mama Ngina yakitazama meli yamkini yameangushwa kwenye mibuyu ya Kibwezi au Kitui.

Kwa maneno mengine, ufuo umekuwa ukiitegemea bara kwa miaka mingi, ilhali mgeni anayelipia raha ya ufuo haijui bara hiyo.

Suala hili si la mandhari pekee. Kwa miongo kadhaa, utalii wa Kenya umesimama juu ya nguzo mbili: fuo za Diani, Nyali, Watamu na Malindi, pamoja na mbuga chache zenye sifa kubwa. Nguzo ya ufuo imetikisika mara si haba. Ilitikisika wakati wa ghasia za Likoni mnamo Agosti 1997, shambulio la bomu kwenye hoteli moja ya Kikambala mnamo Novemba 28, 2002, fujo zilizofuatia uchaguzi wa 2007, na janga la korona mwaka wa 2020. Kila mara hoteli zilifungwa, na vijana waliokuwa wametoka Makueni na Kitui kwenda kutafuta vibarua Pwani wakarejea makwao mikono mitupu.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali linalozikabili Makueni na Kitui ni iwapo mgeni atakuja, na akija, ni mwenyeji yupi atakayepona.

MATILIKU NA MWAMBA WA NZAUI

Msafiri anayetaka kuionja nchi hii anaweza kuiacha barabara kuu katika mji wa Emali na kushika njia ya kuelekea kaskazini. Baada ya mwendo mfupi kwa gari atafika Matiliku, kituo cha biashara katika eneo la Nzaui. Hapana ufuo hapa, wala hoteli ya nyota tano. Kuna maduka, hospitali, wauzaji wa maembe na mbaazi kutegemea msimu, na watu ambao wana muda wa kumwelekeza mgeni.

Kinachoutambulisha ujirani huu ni Mlima Nzaui, ambao upande wake mmoja umesimama wima kama ukuta. Kwa Wakamba, mlima huu si jabali la kupigia picha tu. Masimulizi ya kale yanasema kuwa Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, na kwamba nyayo zao na kwato za mifugo wao zilibaki zimechapwa kwenye jiwe.

Wanahistoria nao wanautaja Nzaui kwa njia yao. Simulizi za uhamaji wa Wakamba huonyesha safari iliyoanzia upande wa Kilimanjaro, ikapitia Chyulu hadi Nzaui, ikaendelea Kilungu, na hatimaye ikatua katika milima ya Mbooni mnamo karne ya 17. Kutoka Mbooni ndipo koo zilipotawanyika, nyingine zikavuka Mto Athi na kuingia Kitui. Anayeukwea Nzaui, basi, anasimama kwenye mojawapo ya vituo vya safari hiyo ndefu.

Mlima huu una nafasi pia katika historia ya dini nchini. Mnamo Disemba 1895, wamishonari wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Peter Cameron Scott walianzisha Nzaui kituo chao cha kwanza. Scott hakudumu, kwani aliaga dunia Disemba 1896 kutokana na homa. Hata hivyo, mbegu iliyopandwa hapo ndiyo iliyokuja kuwa Africa Inland Church, miongoni mwa makanisa makubwa ya Kenya. Waumini wengi wa kanisa hilo husikia habari za Kijabe, kulikohamia makao ya misheni mwaka wa 1903, lakini si wote wanaojua kuwa yote yalianzia Nzaui.

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba milima na miti mikubwa ya Ukambani aghalabu huwa na ithembo, yaani mahali pa ibada na matambiko ya jadi. Mgeni mwenye adabu huuliza wazee kabla ya kupanda, na hukubali anapoambiwa kwamba mahali fulani hapakanyagwi.

MAEMBE, MBAAZI NA MUTHOKOI

Karibu na Matiliku kuna Kalamba, jina lililojulikana kote nchini baada ya serikali ya Kaunti ya Makueni kufungua kiwanda cha kusindika maembe mwaka wa 2017. Kabla ya hapo, mkulima wa Makueni alikuwa mateka wa wachuuzi. Maembe huiva kwa pamoja, hayangoji bei, na mnunuzi aliyekuja na lori alikuwa na uhuru wa kutaja bei aliyoipenda.

Msimu wa maembe huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi. Huu ndio wakati ambapo magari ya watalii wa ndani hujaa barabarani yakielekea Mombasa. Msafiri anayekunja kona Emali wakati huo hukutana na maembe ya aina ya apple, tommy na ngowe yakiwa bado na joto la jua.

Chakula cha kienyeji nacho kina simulizi yake. Muthokoi, ambao ni mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi, ulizaliwa na mazingira ya ukame, ambapo nafaka ilihitaji kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Mbaazi zenyewe hustahimili kiangazi, na kaunti za ukame za mashariki ndizo zinazozikuza kwa wingi nchini. Mgeni anayefurahia mbaazi za nazi na mahamri asubuhi huko Pwani anaweza kushangaa akionyeshwa mmea huo ukimea kwenye mchanga wa Matiliku.

MITO INAYOTIRIRIKA CHINI YA MCHANGA

Anayetembelea Makueni au Kitui wakati wa kiangazi huona mito mipana isiyo na tone la maji. Akidhani imekufa, atakuwa amekosea. Chini ya mchanga huo mna maji, na wenyeji wameyachimba kwa mikono tangu zamani.

Ujuzi huo ndio uliozaa mabwawa ya mchanga, teknolojia ambayo imewaleta wataalamu kutoka mataifa ya mbali kujifunza Ukambani. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu. Mvua inyeshapo, maji huleta mchanga na kuutua nyuma ya ukuta. Kati ya chembechembe za mchanga huo hubaki maji yanayoweza kufikia kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wote. Jua haliwezi kuyakausha kwa urahisi, mbu hawazaliani humo, na mchanga wenyewe huyachuja.

Mabwawa haya hujengwa na vikundi vya mwethya, utamaduni wa Wakamba wa kufanya kazi kwa ujima. Wanawake na wanaume hubeba mawe kwa zamu, kila mmoja akijua kuwa kesho ni zamu ya mwingine kunufaika. Kwa mgeni anayetafuta kuelewa watu na si kuwapiga picha tu, asubuhi moja kwenye bwawa la mchanga ina mafunzo mengi kuliko wiki nzima kando ya bwawa la kuogelea.

Mchanga huo huo una maadui. Ujenzi wa majumba mijini umeufanya kuwa bidhaa, na malori yamekuwa yakiukomba mitoni na kuacha miamba mitupu isiyohifadhi maji. Kutokana na hali hiyo, Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kudhibiti uvunaji wa mchanga mwaka wa 2015.

RELI, HEKALU NA MIBUYU

Akirudi kwenye barabara kuu, msafiri hukutana na miji iliyozaliwa na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Inasimuliwa kuwa kabla ya hapo nabii Syokimau alikuwa amewaambia Wakamba juu ya nyoka mrefu mwenye kutema moto na moshi ambaye angeipita nchi yao.

Sultan Hamud hubeba jina la Sultan Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kati ya 1896 na 1902. Emali ni soko la mifugo ambako Wakamba na Wamaasai wamekuwa wakikutana kwa biashara. Huko Makindu kuna hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka wa 1926, urithi wa Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Hadi leo hekalu hilo humpokea msafiri wa dini yoyote, likampa chakula na mahali pa kulala bila kudai malipo. Sharti ni adabu: kuvua viatu, kufunika kichwa, na kutoingia na tumbaku wala pombe.

Kutoka Kibwezi hadi Mtito Andei mibuyu huanza kutawala mandhari, mingine ikiwa imeishi kwa karne nyingi. Msitu wa Kibwezi, wenye chemchemi za Umani, ni kimbilio la ndege, vipepeo na tembo. Mtito Andei, ambao uko takribani nusu ya safari ya Nairobi kwenda Mombasa, una lango la kuingilia Mbuga ya Tsavo Magharibi, sehemu ya hifadhi ya Tsavo iliyotengwa mwaka wa 1948.

CHYULU: MAJI YANAYONYWEWA MOMBASA

Magharibi mwa barabara kuu husimama milima ya Chyulu, kijani na laini kama migongo ya ng'ombe waliolala. Kilele chake hufikia mita 2,188. Ni milima ya volkano iliyo michanga sana kwa kipimo cha jiolojia, kwani milipuko ya mwisho inakadiriwa kutokea katikati ya karne ya 19.

Ajabu ya Chyulu ni kuwa hainyeshewi haba, lakini juu yake hakuna mto. Mvua na ukungu hupenya kwenye majivu na mawe ya volkano na kuzama. Maji hayo husafiri chini kwa chini na kuibuka kwenye chemchemi kadhaa, maarufu zaidi zikiwa za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, ambamo viboko na mamba huogelea katika maji maangavu. Tangu miaka ya 1950, bomba kutoka Mzima limekuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya maji ya Mombasa.

Hivyo, msitu wa Chyulu ukikatwa kwa makaa au ukiunguzwa na moto, madhara yake hayaishii Makueni. Mfereji wa hoteli ya Nyali unahusika.

Ndani ya milima hiyo pia kuna mapango yaliyochongwa na mtiririko wa lava. Pango la Leviathan lina urefu wa zaidi ya kilomita 10 na ni miongoni mwa mapango marefu zaidi ya aina yake duniani. Si mahali pa kuingia bila kiongozi anayepafahamu, taa za akiba na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

KUVUKA ATHI KUINGIA KITUI

Kwa miaka mingi, aliyetaka kutoka Kibwezi kwenda Kitui alikula vumbi mchana kutwa. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui iliyotiwa lami imebadilisha hali hiyo. Huvuka Mto Athi, huikata nyanda ya Yatta na kupitia Ikutha na Mutomo kabla ya kufika mjini Kitui.

Nyanda ya Yatta, inayoonekana kama ukuta mrefu bapa, ni mabaki ya mtiririko wa lava wa takribani kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Hapo zamani lava ilifuata bonde la mto, ikaganda. Ardhi laini iliyokuwa pande zote ikamomonyoka kwa mamilioni ya miaka, na kilichokuwa chini kikabaki juu.

Kilomita chache kutoka mjini Kitui kuna mwamba wa Nzambani, wenye ngazi za chuma za kumpandisha mgeni hadi kileleni. Masimulizi yanasema kuwa ni msichana aliyegeuka jiwe, na kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia. Wageni wengi hucheka, lakini si wengi wanaothubutu kukamilisha mzunguko wa saba.

Kitui pia ina dai lake juu ya jina la taifa. Mnamo Disemba 3, 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa mfanyabiashara maarufu Kivoi, aliuona kutoka Kitui mlima wenye theluji. Huko Ulaya wasomi walimkebehi, wakikataa kuwa theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Jina la Kikamba la mlima huo, Ki-Nyaa, ambalo huhusishwa na rangi nyeusi na nyeupe za mbuni, hutajwa na wengi kuwa chimbuko la neno Kenya. Kivoi, ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika Mombasa, aliuawa mwaka wa 1851 katika safari ya kuelekea Mto Tana akiwa pamoja na Krapf.

Kaunti hii ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000. Kusini mwake kuna Hifadhi ya Kitui Kusini inayopakana na Tsavo Mashariki. Kaskazini kuna Hifadhi ya Mwingi iliyo karibu na Kora, ambako George Adamson, mlezi wa simba, aliuawa na majambazi Agosti 1989. Asali ya Mwingi inajulikana kote nchini.

MIKONO YA WACHONGAJI

Biashara ya vinyago inayoonekana kwenye fuo zote za Kenya ilianzia Wamunyu, katika kaunti jirani ya Machakos. Mutisya Munge alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na ufundi huo. Ulienea Ukambani, kisha wachongaji wakahamia mijini wakiwafuata wateja. Chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba huko Changamwe, Mombasa, ni tunda la uhamaji huo.

Miti ya mpingo na muhugu imepungua kutokana na ukataji, na wachongaji wengi sasa hutumia mwarobaini na mwembe. Wanawake nao husuka vyondo vya katani, sanaa inayopitishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti. Anayenunua kyondo mikononi mwa msusi, badala ya duka la uwanja wa ndege, huwa amempa mwenyewe haki yake yote.

NANI ANUFAIKE?

Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la utalii wa mashinani, utamaduni na barabara za kaunti. Tangu 2013, basi, Wote na Kitui zina mamlaka ambayo hapo awali yalikuwa Nairobi. Kilichobaki ni kuyatumia vyema.

Mgeni anayepita akanunua soda hamfaidi mtu. Faida huja anapolala usiku mmoja au miwili, akala muthokoi, akamlipa kiongozi wa mlimani na kununua asali. Hilo linahitaji nyumba safi za wageni, vyoo, maji, vibao vya njia na viongozi waliofunzwa. Hayo ni mambo madogo yanayoweza kufanywa na wenyeji wenyewe bila kumngoja mwekezaji wa ng'ambo.

Kuna pia deni la haki. Mkulima wa Kibwezi au Mtito Andei ambaye tembo wamekula shamba lake usiku mmoja haoni uzuri wa mnyama huyo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua fidia kwa waathiriwa, lakini malipo yamekuwa yakilalamikiwa kwa kuchelewa mno. Maadamu tembo ni hasara kwake na faida kwa mwenye hoteli, uhifadhi utabaki kuwa kazi ya askari na bunduki.

Aidha, kosa lililotendeka Pwani halifai kurudiwa. Huko, sehemu nyingi za ufuo zilizingirwa na kuta za hoteli hadi wavuvi wakatafuta vichochoro vya kuifikia bahari yao. Nzaui, Nzambani na chemchemi za Umani zikipata wageni, njia za wenyeji kwenda kwenye ithembo, malisho na maji zapasa kubaki wazi.

MWONGOZO KWA MSAFIRI

Mabasi na matatu hutoka Nairobi kwenda Emali, Wote na Kitui. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 ina stesheni Emali, Kibwezi na Mtito Andei, lakini msafiri sharti achague ile inayosimama njiani, si ya moja kwa moja.

Mvua za vuli za Oktoba hadi Disemba ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa Ukambani, na nchi hupendeza baada yake. Julai na Agosti ni miezi ya baridi na ukungu katika milima ya Kilungu na Mbooni, hivyo koti ni muhimu. Wakati wa mvua kubwa, mto uliokuwa mkavu asubuhi unaweza kufurika ghafla. Usijaribu kuvuka.

Beba viatu imara, maji ya kutosha na pesa taslimu kidogo. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Neno moja la Kikamba, "muvea", yaani asante, litakufungulia milango mingi.

Safari ya Mombasa haihitaji kufutwa ili haya yote yaonekane. Yatosha kuondoka siku mbili mapema na kukunja kona pale Emali.